Mtego wa mazombi Minecraft: nimepaki usiku kucha, asubuhi sanduku tupu. Njooni niwaeleze nilipokosea

#1 FundiBloku

Wakuu, habari za jioni.

Najua humu jukwaani kuna watu wazima na familia zao wanaocheza Minecraft, hili gemu la kujenga kwa bloku, kimyakimya. Leo jitokezeni. Uzi huu unahusu mtego: jengo ambalo mazombi, skeletoni na kripa (yule adui anayelipuka) wanazuka humo wenyewe, wanajidondosha wenyewe, wanakufa, na walichobeba kinaingia sandukuni wewe ukiwa umekaa zako unakula karanga.

Kwa nini nijisumbue? Baruti. Ukishapata mabawa ya Elytra, bila fataki huendi popote, na fataki bila baruti haipo. Karatasi 1 na baruti 1 zinakupa fataki 3, lakini hiyo baruti 1 iko tumboni kwa kripa, na kripa naye hakupi kwa kumwomba. Nilikuwa natoka usiku na upanga kama sungusungu, narudi alfajiri na baruti 4, ngao imepasuka na uwanja una mashimo.

Nikaamua kujenga. Chumba cha giza, ndani 18 kwa 18. Sakafu imegawanywa majukwaa 4, kila moja 8 kwa 8, katikati yake inapita mifereji ya msalaba yenye upana wa bloku 2 na kina cha bloku 2. Pale mifereji inapokutana kuna shimo la 2 kwa 2. Mwisho wa kila mfereji unamwaga ndoo 2 za maji kando kwa kando. Maji ya Minecraft yakitoka kwenye chanzo yanatembea bloku 7 zaidi halafu yanakata, kwa hiyo yanaishia ukingoni mwa shimo bila kumwagikia ndani. Hapo ndipo utamu ulipo: adui anasukumwa mpaka ukingoni, anaanguka pakavu.

Dari niliiweka bloku 2 tu juu ya majukwaa, makusudi kabisa. Enderman ana urefu wa karibu bloku 3, hapati pa kuzukia. Simtaki humo ndani, yeye akiguswa na maji anajihamisha tu. Kingo za mifereji nimepigilia vifuniko vya mbao nikaviacha wazi. Zombi akiviona anadhani ni sakafu, anapiga hatua, kwisha habari yake. Chini ya shimo nina hopa 4, yaani faneli za kukusanya vitu, zinazomwaga kwenye sanduku pacha. Hopa moja inakula vipande 5 vya chuma na sanduku 1, kwa hiyo andaeni chuma 20 kabla hamjaanza, msije mkakwama katikati kama mimi.

Sasa aibu yangu. Chumba nilikitoa kwenye video moja, mahali pa kusimama nikapatoa kwenye video nyingine. Huyo jamaa wa pili alijijengea kijukwaa juu angani kama bloku 100 hivi kutoka kwenye mtego wake, akasimama, vitu vikawa vinamiminika. Nami nikapanda. Nikachomeka simu kwenye chaji saa 4 usiku, nikalala.

Asubuhi sanduku jeupe. Hata nyama iliyooza hamna!

Nikasema labda niko mbali. Nikahamia juu ya paa la mtego wenyewe ili nione wanavyodondoka. Nimekaa nusu saa, kimya kama msikiti saa 4 asubuhi.

Siku ya tatu ndipo nilipoelewa. Video zote 2 zilikuwa za Java, Minecraft ya kompyuta. Mimi niko Bedrock, hii ya simu. Na kwenye zote, anayeamua adui azuke wapi ni wewe, kwa pale uliposimama. Jengo linafuata baadaye. Akiwa ndani ya bloku 24 kutoka kwako hazuki kabisa, ndiyo maana pale paani nilikuwa nimeua mtego wote kwa makalio yangu. Kwenye Java anaweza kuzuka mpaka umbali wa bloku 128. Kwenye simu, ule umbali wa simulesheni (eneo linaloendelea kufanya kazi kukuzunguka) kwenye mipangilio ya dunia yako ukiwa 4, mwisho ni bloku 44. Basi. Nilipokuwa kule angani bloku 100, mtego wangu kwangu ulikuwa sawa na haupo.

Nikashuka chini kabisa, nikakaa pembeni ya hopa, shimo likiwa na urefu wa bloku 23 juu yangu. Hazikupita dakika 2, nikasikia *pwaa*. Zombi. Halafu skeletoni. Halafu kripa wawili kwa mpigo. Nilisimama kitandani wakuu.

Karibuni.

#2 Kisiki cha Mpingo

Siti ya mbele nimekaa. "Nimeua mtego kwa makalio yangu" 😂😂

Mkuu, hiyo 23 umeitoa wapi? Kwa nini isiwe 20 tukaokoa mawe?

#3 FundiBloku

Mkuu Kisiki, kuanguka bloku 3 za mwanzo hakuumizi. Kila bloku inayofuata inatoa uhai 1. Zombi, skeletoni na kripa kila mmoja ana uhai 20, yaani mioyo 10. 23 toa 3 ni 20. Ukijenga 20 wote wanatua wazima wakikuangalia usoni. Buibui ana 16, huyo anakufa bila gharama ya ziada, ingawa ana tabia ya kung'ang'ania ukuta.

#4 Binti Pangani

FundiBloku asante kwa uzi, ila hiyo 23 yako mimi imenitokea puani.

Nimejenga hivyohivyo mwezi uliopita. Wiki ya kwanza safi. Siku moja nafungua sanduku, chupa inanipasukia usoni, sumu. Kuangalia, mchawi kakaa juu ya hopa zangu, mwekundu wa kuumia lakini mzima, anakunywa dawa yake taratibu kama yuko kwake. Kadondoka na ungo wake kabisa!

Mchawi ana uhai 26 jamani, siyo 20. Ukimwangusha bloku 23 anabaki na 6, halafu anajitibu. Nilipogundua nikachimba chini zaidi, shimo likawa bloku 29. 29 toa 3 ni 26, anafia palepale. Na mchawi ni mtaji, usimchezee, anadondosha Redstone, sukari, chupa, na baruti pia.

#5 FundiBloku

Dada umenipiga goli la kisigino. Kumbe zile chupa tupu sandukuni zilikuwa za nani… nilidhani mdogo wangu ndiye anayeingia duniani kwangu.

Kesho nachimba 29.

#6 Nai254

Niaje wasee. Niko Nairobi, mimi ni Java kwa laptopu, nimepita tu nikaona mnaongea vitu za maana.

Hiyo 29 ya Binti Pangani kwa simu iko sawa kabisa. Kwa Java kuna kitu moja mwangalie. Adui akiwa zaidi ya bloku 32 kutoka kwako, anaacha kuzurura. Anasimama tu hapo kama mtu wa stage amekosa matatu. Tena anaanza kufutwa ovyoovyo na gemu yenyewe. Sasa mtego wa FundiBloku unategemea adui azurure mpaka aanguke kwa mfereji. Akisimama, hakuna kitu.

Pigeni hesabu. Shimo 29, ongeza kina cha mfereji 2, majukwaa yako bloku 31 juu ya mtu aliyekaa kwa hopa. Bloku ya mwisho kwa kona iko 8 na nusu upande huu na 8 na nusu upande ule. Hiyo Pythagoras ya sekondari inatoa 33 na kitu. Kona zote zimepita 32.

Dawa ni rahisi. Si lazima ukae karibu na hopa. Jenga kachumba kando ya shimo, panda ngazi bloku 4, kaa hapo. Sasa majukwaa yako 27 juu yako, kona zinakuja kama 29 na nusu. Kila kitu iko kati ya 24 na 32. Mimi hapo ndipo huwa ninapaki, na sanduku linajaa.

#7 Kisiki cha Mpingo

Mwalimu wangu wa hesabu alisema tutaihitaji Pythagoras siku moja, nikamcheka. Mwalimu popote ulipo nisamehe.

#8 Mama wa Wawili

Samahanini wanangu, mimi siyo wa jukwaa hili, nimetafuta neno "mtego wa mazombi" nikaletwa hapa.

Kijana wangu ana miaka 11. Wiki sasa nakuta simu yangu inawaka usiku kucha juu ya kabati, imechomekwa, moto kama pasi. Nikimuuliza anasema "mama usiguse, navuna mazombi". Nikizima analia. Jana kaniambia sanduku lake halina kitu kwa siku 5 na bado anataka simu ilale wazi. Naomba mnieleweshe, hivi kweli lazima simu ilale inawaka? Na kama havuni kitu, anavuna nini?

#9 FundiBloku

Shikamoo mama. Karibu sana, na pole kwa simu.

Kwanza, kijana hakudanganyi. Mtego unafanya kazi pale tu mchezaji akiwa karibu na gemu ikiwa imefunguliwa mbele ya kioo. Ukirudi kwenye WhatsApp, dunia yake inasimama palepale. Ndiyo maana hataki uguse.

Pili, usiku kucha si lazima. Mtego uliokaa vizuri ukipaki saa moja tu mchana baada ya masomo unatosha kwa mahitaji ya mtoto. Nami nililala na simu kwenye chaji, na asubuhi ilikuwa na joto la kutisha. Sifanyi tena wala simshauri mtu.

Tatu, hizo siku 5 tupu. Mwambie akuonyeshe sehemu ya ugumu wa mchezo kwenye mipangilio. Kama imeandikwa Peaceful, hapo ndipo tatizo lilipo. Watoto wengi wanaiweka hiyo usiku ili wasisumbuliwe na maadui, halafu wanasahau. Kwenye Peaceful maadui wote wanafutika duniani, mtego unabaki kuwa godauni la giza. Aweke Easy.

#10 Mama wa Wawili

Marahaba baba. Ngoja arudi shule.

#11 Ndoo ya Maji

Wakuu nisaidieni na mimi. Simu, umbali wa simulesheni 4, nimesimama chini bloku 25, ugumu Normal. Vitu vinakuja lakini kwa manati. Saa nzima baruti 6. Nimejenga juu ya mlima. Tatizo ni nini?

#12 FundiBloku

Swali zuri, na mimi hili lilinila siku 2.

Gemu ina kikomo cha maadui wanaoweza kuwepo kwa wakati mmoja. Java mchezaji akiwa peke yake, kikomo ni 70. Bedrock inahesabu kwa namna yake, walio nje mbali na walio chini ya paa mbali, lakini kikomo kipo. Mtego wako na pango lililo chini ya mlima wako wanagombea nafasi zilezile. Pango likiwa ndani ya zile bloku 44 zako, mazombi wanajaa humo, wanakaa wanapiga soga, na kwako nafasi hazibaki. Milimani mapango ni mengi kuliko unavyodhani.

Una njia 2. Uingie mapangoni na mienge umulike kila kona iliyo karibu. Au uhame, ujenge juu ya bahari, na mtego uwe juu kiasi kwamba pale unaposimama na sakafu ya bahari pawe zaidi ya bloku 44. Mimi nilihama. Kumulika mapango ni kazi ya punda.

Na usisahau paa la mtego wenyewe! Usiku wanazuka hapo juu, na hawadondoki popote. Panga slabu (bloku nusu) za chini paa zima, hawazuki juu yake, au weka mienge.

#13 Nai254

Kwa Java pia kuna mambo ya urefu. Watu wa Java hupenda kujenga juu sana ili wakisimama ardhi yote ikuwe mbali kupita bloku 128, mapango yasahaulike. Usawa wa bahari ni 63, so ukisimama 191 kwenda juu uko huru. Lakini usizidishe. Gemu huchagua urefu wa kujaribu kuzusha adui kati ya chini kabisa ya dunia na bloku ya juu kabisa ya hapo. Ukijenga 300, majaribio mengi yanaanguka kwa hewa tupu. Juu ya kutosha, siyo juu ya sifa.

Na mwanga. Video za zamani zitakuambia adui anazuka mwanga ukiwa 7 kushuka. Hiyo iliisha na toleo la 1.18, Novemba 2021. Sasa ni lazima mwanga wa taa ukuwe 0. Mwenge mmoja umesahaulika ndani ya chumba unaua eneo kubwa sana.

#14 Ndoo ya Maji

…mwenge mmoja uliosahaulika ndani ya chumba.

Naomba nisiseme zaidi. Nimerudi kuangalia. Ulikuwepo kwenye kona, nilikuwa natumia nikijenga.

#15 Kisiki cha Mpingo

😂😂😂 Ndoo ya Maji ulikuwa unawasomesha usiku?

#16 Binti Pangani

Jamani hizi nyama zilizooza mnazipeleka wapi? Sanduku langu nusu ni nyama. Likijaa hopa zinasimama, na baruti inabaki inaelea juu mpaka inapotea.

#17 FundiBloku

Muuzie kuhani wa kijijini, yule mwenye kinu cha kupikia dawa. Nyama 32 anakupa zumaridi 1. Ni bei ya kutupa lakini si unazitupa? Mifupa isage, mmoja unatoa mbolea 3, mwaga kwenye ngano. Pinde zilizochakaa na mavazi ndiyo uchafu hasa, maana hayapangiki pamoja, kila kimoja kinakula nafasi yake. Mimi nina sanduku la pili kwa ajili ya taka hizo, na kila Jumapili nazimwaga kwenye lava.

#18 Mzee wa Levo

Habari za humu. Kila mtu anaongelea baruti, mimi shida yangu ni levo za kufanyia silaha uchawi. Nimejenga kama mlivyosema, vitu vipo, levo haziongezeki hata moja.

#19 FundiBloku

Mzee, adui akifa kwa kuanguka hatoi levo. Lazima afe kwa mkono wako. Ukitaka levo shimo lisizidi 22, wanatua na uhai 1, unawamaliza kwa kofi. Mchawi atatua na 7, huyo mpige kwanza. Ila usiwaache wakarundikana saa nzima hapo chini, kila aliye hai anahesabiwa kwenye kile kikomo. Wakijaa chini, juu hawazuki.

Watu wa simu tuna bahati ya ziada ambayo akina Nai254 hawana. Kwetu, mkuki wa Trident ukiurusha ndani ya kibanda cha pistoni zinazousukuma huku na huku, unachoma kila aliyemo, na gemu inahesabu kuwa umeua wewe. Levo zinaingia umekaa. Mkuki wenyewe unaupata kwa mazombi wa majini, na siyo kila mmoja anao, kwa hiyo jiandae kulowa.

#20 Nai254

Hapo mmetushinda, sipingi. Kwa Java mkuki haufanyi hivyo.

Na wale wanacheza kwa seva ya watu, ongea na mwenye seva kabla hujajenga. Seva nyingi zimewekwa hivi kwamba adui aliye mbali na wachezaji hapewi akili kila wakati, ili mashine isichoke. Mtego unafanya kazi nyumbani, ukiupeleka kwa seva hauzai. Nilijenga wiki 2 kwa seva moja, halafu nikaambiwa mitego imekatazwa. Wakaibomoa nikiangalia.

#21 Mama wa Wawili

Wanangu nimerudi.

Ilikuwa Peaceful kweli. Tumeiweka Easy, nimemsimamia mwenyewe, saa 10 mpaka saa 11 jioni, simu nikaiweka mezani ninapochambua mchele. Amepata baruti 19 na mifupa sijui mingapi. Tumekubaliana hiyo saa moja, na usiku simu inalala kwangu.

Sasa kuna kitu kimekwama juu ya zile hopa. Kizombi kidogo kimepanda kuku. Kimedondoka bloku zote hizo hakijafa, kinanitazama. Mtoto anacheka tu, hana msaada. Huyu naye mnamuuaje?

#22 FundiBloku

Mama, kuku haumii kwa kuanguka hata umtoe mbinguni, na abiria wake anafika salama naye. Hapo hakuna hesabu itakayosaidia. Chukua upanga, bonyeza na kushikilia juu ya kioo… Au mpe simu kijana, wewe endelea na mchele.

#23 Mama wa Wawili

Nimemuua mwenyewe. Kuku nimemwacha, ametaga.